Barua za Marehemu wa Chumba cha Nne

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza. Dakika kumi tu, lakini imetosha kutuumbua. Wodi ya wanawake imevuja mahali pengi kuliko mabeseni tuliyonayo. Tone, tone, tone, mpaka ofisini kwangu. Nimefunga mlango. Mlango una ufa.

Nieleze mambo yalivyo, maana daftari hili halisomwi na mtu ila mimi. Mimi ni Ofisa Shukrani wa makao haya ya wazee. Cheo nilijitungia. Mkurugenzi alikiachia kwa kuwa hakimgharimu kitu. Kazi yangu ni kuwashukuru wafadhili ili wasichoke kutupa. Mfadhili ni moto wa kuni, usipopuliza, unazimika. Mwaka wa nne huu napuliza. Macho mekundu, kifua kikavu, na hakuna aliyewahi kumshukuru Ofisa Shukrani.

Mfadhili wetu mkubwa kuliko wote ni Fundi Saa. Mzee mpole. Alitengeneza saa maisha yake yote, akafiwa na mkewe, sasa anaishi peke yake mitaa miwili kutoka hapa. Kila mwaka hututumia mablanketi. Mwaka huu ameahidi jambo kubwa: kuezeka upya wodi nzima ya wanawake. Mkurugenzi, mama asiyecheka, ameniambia wazi kwamba paa likipatikana kabla mvua hazijakolea, mkataba wangu utaongezwa. Lisipopatikana, nisihangaike kutafuta sababu. Dada yangu naye, ambaye nalala stoo kwake kati ya matairi ya shemeji, ameanza kusema anaihitaji stoo yake.

Leo simu imeingia. Fundi Saa anakuja Jumamosi, saa nne asubuhi. Mkurugenzi akafurahi, kwa namna yake ya kufurahi. Mimi nikaketi.

Maana Fundi Saa lazima atamuulizia Bibi wa Chumba cha Nne. Na Bibi wa Chumba cha Nne alifariki Agosti.

Alikuwa akimwandikia kila mwezi kwa niaba ya wenzake. Miaka mitatu! Kwa mkono wake mwenyewe, herufi zimelala upande kama nyasi. Akimtania, akimsimulia habari za paka wa jikoni. Mimi kazi yangu ilikuwa kulamba stempu. Akafa ghafla, mwezi wa Septemba ukafika, na barua haikuwepo. Nikaitazama kalamu. Nikajiambia, ni hii moja tu, mzee asishtuke.

Nimeandika sita.

Jumanne, 4 Machi

Nimezisoma upya nakala za barua zangu. Pengine nimezidisha. Katika barua ya Oktoba Bibi alipona kikohozi. Desemba aliacha mkongojo. Februari aliwashinda wanaume wote kwenye mashindano ya drafti. Marehemu ana afya kunishinda mimi.

Majibu ya Fundi Saa yapo yote sita. Kila mwezi bahasha moja, juu yake: Kwa Mwandishi, Chumba cha Nne. Nimeyahifadhi katika kopo la biskuti, hayajafunguliwa. Si ubaya wa moyo. Kwanza, barua ya marehemu haifunguliwi ovyo. Pili, ni kanuni yangu ya kazi: shukrani haijibiwi. Wewe unashukuru, yeye anapokea, basi. Ukianza kusoma majibu ya shukrani itabidi uyajibu, naye akujibu, mtamaliza lini?

Funika kombe mwanaharamu apite. Nimeamua kumtafuta Bibi mwingine. Hawa wawili hawajawahi kuonana. Mmoja alikuwa hatoki wodini, mwingine hatoki dukani. Nimepita wodini na kuwakagua. Wa Chumba cha Pili analala kutwa. Wa Tano ananiita kwa jina la mumewe, tena kwa hasira. Amebaki Bibi wa Chumba cha Saba, aliyeuza vitunguu sokoni miaka arobaini. Macho makali, ulimi mkali zaidi.

Nikamweleza kwa ustaarabu. Akaniuliza marehemu alikuwa akilipwa nini. Nikasema hakuwa akilipwa. Akasema ndiyo maana alikufa. Kisha akatoa sharti: kitanda chake kiko chini ya tone, nimhamishe, ama nimtafute mwingine wa kumdanganya mzee wa watu.

Vitanda viko chini ya Muuguzi Mkuu. Adui yangu. Huyu mwanamke ana namna yake ya kushukuru wafadhili: anainua simu akiwa amesimama, anasema asante sana baba, mablanketi yamefika, yana joto, ubarikiwe. Anakata. Hana barua yenye nembo, hana mhuri, hana hata kichwa cha habari! Na bodi ilimpongeza mbele yangu. Nilipomwomba kitanda kikavu akacheka, akasema vitanda vyote viko chini ya tone, nichague tone ninalolipenda.

Basi Bibi wa Saba amehamia ofisini kwangu. Godoro lake liko mahali pa meza. Meza iko kwenye ukumbi wa kupitia watu. Naandika haya huku wapishi wakinipita na masufuria.

Jumatano, 5 Machi

Nimetafakari zawadi. Mfadhili mkubwa hawezi kuondoka mikono mitupu. Nikawaza, mtu aliyependa saa maisha yake yote, apewe nini? Saa! Nimenunua ya ukutani, ya plastiki, ina picha ya swala. Muuzaji ameapa ni imara. Nimemwagiza pia mchora mabango atengeneze Ubao wa Shukrani, jina la Fundi Saa juu kabisa kwa rangi ya dhahabu. Jina langu chini, dogo, kama mtayarishaji.

Jioni saa imesimama. Nimeitikisa ikaendelea. Itafika Jumamosi.

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi na Bibi wa Saba. Hali mbaya. Hawezi kukaa kimya hata akitafuna. Nimembadilishia mbinu: ataigiza kwamba koo linamuuma na sauti imekwenda. Atatikisa kichwa na kutabasamu tu. Akajaribu kutabasamu. Nikamwomba atikise kichwa tu.

Mvua tena. Mchana huu yule wa Chumba cha Tano amekutwa kaketi na mwavuli kitandani. Muuguzi alisimama mlangoni akimwangalia, kisha akaenda kuleta beseni la kuoshea vyombo. Niliumia. Nasema kweli, niliumia. Paa lile lazima lije.

Ijumaa, 7 Machi

Ubao umefika. Mzuri! Ila rangi haijakauka. Mchora mabango anasema ni unyevunyevu wa hewa, niuanike juani. Jua lipi?

Muuguzi alinikuta ukumbini nikiupepea ubao kwa faili. Akasema amesikia ninamfundisha Bibi wa Saba kuwa bubu. Akasema njia ya mwongo ni fupi. Kisha akaanza: "Lakini wewe si unajua kwamba Fundi Saa..." Nikamkata kauli. Nikamwambia mimi sipokei mafunzo ya shukrani kutoka kwa mtu asiye na barua yenye nembo. Akasema sawa kaka, Jumamosi njema.

Wivu ni ugonjwa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimechoka, lakini lazima niandike kila kitu, kwa kuwa leo ni siku ya ushindi. Nadhani.

Saa nne kamili Fundi Saa akafika. Mwembamba, koti la zamani lililopigwa pasi, kifurushi kwapani. Alipanda ngazi polepole, mkono ukutani. Nikamlaki kwa hotuba ya dakika kumi na tano. Akasikiliza akinigeuzia sikio badala ya uso. Sikupenda, lakini wafadhili wana tabia zao.

Nikamwonyesha Ubao wa Shukrani. Nikamwambia ajisomee mwenyewe. Akanyoosha mkono, akaupapasa ubao wote, taratibu, kutoka juu hadi chini! Kiganja chote dhahabu. Kisha akajipangusa kwenye koti. Nilitamani sakafu inimeze. Yeye akauliza tu kama ilikuwa rangi.

Nikampa saa ya swala. Akaiweka sikioni. Akatoa bisibisi ndogo mfukoni, akaifungua hapo hapo, mbele ya Mkurugenzi, katikati ya shukrani zangu za sehemu ya pili. Akaitengeneza kwa vidole, macho ameyaelekeza dirishani wala hayatazami kazi. Nikasema moyoni, maringo ya mafundi hayo. Akaifunga, akaniwekea mkononi, akasema sasa itakwenda. Zawadi yenyewe akaisahau mkononi mwangu.

Akaomba kumwona mwandishi wa barua. Nikampeleka kwa Bibi wa Saba, tuliyemvika kitambaa kipya cha kichwa. Nikaeleza habari ya koo. Fundi Saa akaketi, akafungua kifurushi. Ndani bahasha mpya, karatasi safi, na kalamu ya wino, nzito, ya kizamani. Akasema hii ni ya mwandishi.

Bibi wa Saba akaishika, akaigeuzageuza. Na hapo yule mama akafungua kinywa! "Kalamu ya nini, baba? Mimi kuandika sijui. Kusoma sijui. Nilipe betri za redio."

Miaka yote minne sikuwahi kumuuliza kama anajua kuandika. Nikasema haraka kwamba anatania, homa imempanda, koo limefika kichwani. Fundi Saa akauliza kwa upole habari za paka wa jikoni. Bibi akasema paka yeye hawapendi, wanakojoa, na kama mzee ana nafasi ya kuuliza maswali, basi atazame paa lile linavyowanyeshea watu wazima kama mboga bustanini.

Fundi Saa akacheka. Alicheka mpaka akatoa leso. Akaniomba niwaache wazungumze. Nikasimama nje ya mlango saa nzima, sikio kwenye ufa. Vicheko tu. Bei za vitunguu. Vicheko tena.

Alipotoka alisimama mbele yangu. Alisimama muda mrefu. Uso wake ulikuwa karibu sana na wangu, kama anayetafuta ufa kwenye kioo cha saa. Nikajaza ule ukimya: nikamwambia wafadhili kama yeye ni nguzo, ni mwanga, ni nyota. Akaniuliza ni nani hapa hushughulika na barua zake. Nikasema ni Bibi, kama alivyomwona. Akaitikia kwa kichwa, polepole. Akaniachia ile kalamu mkononi. "Soma barua zangu, mwanangu," akasema. Akashuka ngazi, mkono ukutani.

Uzee. Lakini hakukasirika, hakuuliza zaidi, paa hakulifuta. Nimeshinda.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi dada aliniuliza mbona nakula kama mtu aliyeshinda kesi. Nikamwambia nimeshinda. Akasema vizuri, basi nitafute chumba.

Nikaenda kazini kuandika ripoti ya mafanikio. Bibi wa Saba alikuwa amelala ofisini, redio tumboni. Nikaketi ukumbini. Yale maneno yalikuwa yananiwasha kama mchanga kwenye soksi. Soma barua zangu. Nikachukua kopo.

Naziandika hapa kwa ufupi. Sina nguvu ya kuzinakili zote.

Ya Septemba: "Mwandishi, hujambo. Muuguzi wenu alinipigia simu siku ileile Bibi alipofariki. Nilikuja mazikoni, nikasimama nyuma. Wiki tatu baadaye naletewa barua yake. Mwandiko umemwiga vizuri, lakini Bibi hakuwahi kuniita mtukufu. Aliniita mzee wa kuchelewa. Wewe ni nani?"

Siku ya maziko mimi nilikuwa kwa mpiga chapa, nachagua rangi ya bahasha.

Ya Oktoba: "Unasema kikohozi kimepona. Nafurahi kwamba huko aliko hakohoi. Swali langu hukulijibu. Si neno, labda una kazi nyingi."

Ya Novemba: "Sijakasirika, usiogope. Mke wangu hayupo. Mwanangu yuko mbali na amezoea kuwa mbali. Barua yako ndiyo pekee inayopita chini ya mlango wangu isiyokuwa tangazo la duka."

Ya Desemba: "Kumbe Bibi ametupa mkongojo. Kwa mwendo huu atakimbia mbio. Nimecheka peke yangu jikoni. Unajua kuchekesha, ingawa sidhani kama ulikusudia. Niandikie kama wewe, japo mistari miwili."

Ya Januari: "Macho yangu yanazimika. Daktari anasema hayatengenezeki. Nimetengeneza vitu vidogo maisha yangu yote, hiki kimenishinda. Barua yako nimeisoma kwa siku tatu."

Ya Februari, ya mwisho, herufi kubwa zinazopandana: "Nitakuja mwanzoni mwa Machi. Paa nitaezeka, hilo lisikukoseshe usingizi. Nakuja kukuona wewe kabla sijashindwa kumwona mtu. Usiandae kitu. Usimwandae mtu. Simama tu mbele yangu useme, ni mimi."

Nilisimama mbele yake. Asubuhi nzima nilisimama mbele yake. Nilisema nguzo, nikasema nyota. Nilisema kila neno isipokuwa hilo.

Nimelia. Siwezi kusema nilitokwa na machozi mawili matatu. Nimelia kwa sauti, pale ukumbini, kamasi na kila kitu. Bibi wa Saba aliamka, akauliza kwa ukali ni nani amekufa. Nikasema hakuna. Akasema basi nipunguze sauti, anasikiliza habari.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda kwake. Njia nzima nikirudia maneno mawili: ni mimi, ni mimi. Mtu mwenye toroli akaniambia anaona ni mimi, nipishe.

Nyumba ndogo. Sebule imejaa saa, zote zinakwenda, kila moja na pumzi yake. Alifungua mlango akageuza sikio. Sasa nilijua kwa nini. Akauliza ni nani. Nikasema natoka makao ya wazee. Uso wake ulibadilika. Ulifunguka kabisa, sijui niseme vipi, hakuna mtu aliyewahi kunifungulia uso vile. Akanikalisha. Hakuuliza tena. Alinyamaza, mikono magotini, akingoja. Saa zote nazo zikangoja.

Nikafungua kinywa. Niliwaza Mkurugenzi akijua. Niliwaza Muuguzi akicheka. Niliwaza jinsi ninavyoonekana bila barua mkononi, mtu mzima anayelala kati ya matairi.

Nikasema nimekuja kuuliza angependa jina lake liandikwe kwa herufi za ukubwa gani kwenye ubao mpya.

Uso ukafungika, polepole, bila ubaya. Akasema jina lisiandikwe. Kisha akasema niwe na hisani, nimfikishie ujumbe yule anayeandika: barua hawezi kusoma tena, macho yamekwisha. Lakini masikio ni mazima. Akipata nafasi Jumatano aje amsomee, au wazungumze tu, na kama Jumatano haiwezekani, yeye yupo siku zote.

Nikasema nitamfikishia. Kwenye ngazi nikasikia saa zote zikigonga saa kumi kwa pamoja, nikaondoka mbio kama mwizi.

Jumatano, 12 Machi

Mafundi wa mabati wamefika alfajiri. Wanne, wenye ngazi ndefu. Fundi Saa amewatuma na sharti moja: asishukuriwe. Hakuna ubao, hakuna hotuba, hakuna barua yenye nembo. Nimelisoma mara tatu. Mfadhili anayekataa shukrani! Huyo anataka kuniua njaa?

Nikamfuata Muuguzi, nikamuuliza kwa nini alimwambia Fundi Saa habari za kifo bila kupitia ofisi yangu. Akashangaa. Akasema mtu akifiwa na rafiki yake anaambiwa, hiyo nayo ina ofisi? Akasema hata Ijumaa alitaka kunieleza, nikamfokea.

Hapo ningeweza kumweleza yote. Alikuwa ameketi juu ya beseni lililopinduliwa, viatu amevua, amechoka, hana uadui wowote usoni. Nikamwambia tu kwamba mzee anatafuta mtu wa kumtembelea Jumatano. Nikasema ametoa ombi la jumla, kwa yeyote. Akavaa viatu. Akamwita Bibi wa Saba. Saa kumi walikuwa wameshatoka, Bibi na kitambaa chake kipya.

Ijumaa, 14 Machi

Paa limekamilika. Mvua imenyesha mchana kutwa, na wodini hakukuwa na tone hata moja. Wa Chumba cha Tano amefunga mwavuli wake na kuuweka chini ya mto. Mabeseni yamerudi jikoni. Kimya kile kilikuwa kizuri mno, nilisimama katikati ya wodi nikiwa sina la kufanya.

Mkurugenzi ameniita. Mkataba wangu umeongezwa mwaka mzima. Amesema hajui nilifanya nini Jumamosi, lakini kimefanya kazi. Nami nimelitafakari hilo. Kwa kweli, kimefanya kazi.

Bibi wa Saba amerudi chumbani kwake na kuniachia ofisi inayonuka vitunguu. Sijui kwa vipi. Hana kitunguu hata kimoja.

Jumatano, 19 Machi

Siku tano silali vizuri. Nafsi inanisuta. Nikifumba macho nauona ule uso ukifunguka. Nimeamua lazima nimwombe radhi Fundi Saa, kikamilifu, kiungwana, kama inavyostahili. Nimeanza kumwandikia barua.

Nimefika ukurasa wa nane. Natumia kalamu yake mwenyewe. Wino unashuka vizuri ajabu. Nimeeleza yote tangu Agosti, bila kuficha kitu. Nimemwagiza mpiga chapa karatasi nene yenye ukingo wa dhahabu, iliyokwisha kukauka. Kwa jina langu maneno yalikuwa hayatoki, yanakwama kalamuni. Nitaitia sahihi kwa niaba ya Bibi wa Chumba cha Saba. Yeye mzee anampenda, na radhi ikitoka kwake itapokelewa. Nimeuinamisha mwandiko upande mwingine kidogo, asije akamchanganya na marehemu.

Saa tisa na nusu Muuguzi alichungulia mlangoni. Bibi alikuwa nyuma yake, tayari, anagombana na vifungo vya koti. Muuguzi akasema wanakwenda kwa Fundi Saa, twende. Akasema wiki iliyopita mzee aliuliza mara mbili kama yule kijana wa herufi za ubao hajambo, na kama ana mtu wa kuzungumza naye. Akasema kiti kipo.

Nikamwonyesha zile kurasa. Nikamwambia siwezi kwenda mikono mitupu, na barua haijaisha. Jumatano ijayo, labda. Muuguzi alinitazama kama alivyomtazama yule wa mwavuli. Bibi akasema mwache, huyo atachelewa hata kufa. Wakaenda.

Jioni waliporudi Muuguzi aliniwekea bahasha mezani. Fundi Saa amesema maneno, yeye akayaandika. Juu yake: Kwa Mwandishi. Nyembamba, haizidi mistari miwili. Nimeishika kidogo. Kisha nikaitia kwenye kopo pamoja na zile sita, maana bado nina kurasa nne za kumalizia, na nikianza kusoma majibu sasa yatanivuruga mtiririko.